Na Pacha Wake

Wifi yangu ni dobi wa hospitali. Kazi hiyo ameifanya miaka ishirini na tisa, kwanza kwa mikono kwenye masinki ya saruji, baadaye kwa mashine mbili ambazo moja huwa mbovu wakati wote. Ukimshika mkono unasikia harufu ya sabuni ya mche hata kama ametoka kujipaka mafuta. Ncha za vidole vyake zimelainika kabisa. Siku aliyokwenda kuchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya kitambulisho, mashine ilimkataa mara nne. Karani akamwambia, "Mama, wewe huna alama."

Wifi akamjibu, "Ninazo, mwanangu. Ziko kwenye mashuka ya watu."

Ndivyo alivyo. Hasemi sana, na akisema hapandishi sauti. Yanayomhusu mtu atayajua kwa kuangalia nguo zake, lakini hayatoki mdomoni mwake. Mambo ya madoa ndiyo anayoyazungumza kwa raha. Atakwambia damu haipendi maji ya moto, chai haipendi kusubiriwa, na mafuta hayataki haraka.

Tunaishi kiwanja kimoja. Mume wangu ni kaka yake, tena ni pacha wake. Mume wangu alitangulia kuzaliwa kwa muda wa birika kuchemka, na mpaka leo, wakiwa na miaka hamsini na mmoja, anajiita mkubwa. Ni fundi bomba. Sisi tuko nyumba ya mbele, watoto wamekwisha kuhama. Wifi alipofiwa na mumewe, naye hakujaliwa mtoto, alihamia vyumba viwili vya nyuma. Katikati yetu pana bomba la maji, kamba tatu za kuanikia, na mlimau mmoja.

Hawa mapacha hawasali pamoja. Miaka kumi na tisa iliyopita mume wangu aliitwa na wale ndugu wanaosali Jumamosi, akawazibie tangi lao la ubatizo lililokuwa linavuja. Kazi ya siku moja ikamchukua siku tatu, kwa sababu walikuwa wanafundisha huku yeye anaziba, naye akawa anasikiliza. Siku ya nne akazamishwa kwenye tangi lile lile. Watani wake wanasema alitaka tu kuhakikisha halivuji. Mimi na wifi tulibaki kwenye kanisa letu la Jumapili, tulikokulia. Kwa hiyo kiwanja chetu kina siku mbili za mapumziko. Ijumaa jua likizama mume wangu anaweka spana chini, Jumapili mimi na wifi tunaweka sufuria chini, na panya peke yao ndio hawapumziki. Tulizoea. Watu wakiuliza tunaishije, nilikuwa nasema tunaishi kwa kutopita kwenye mada.

Nje ya hospitali wifi alikuwa na kazi nyingine ambayo hakulipwa wala hakutaka kulipwa. Alifua vitambaa vya madhabahu, miaka ishirini na miwili. Ni vile vyeupe vinavyotandikwa kwenye meza ya Bwana, na kile kidogo cha kufutia kikombe. Kazi hiyo ina utaratibu wake, tuliachiwa na waliotutangulia. Maji ya kwanza huwa ya baridi, bila sabuni, na hayamwagwi mferejini. Yanamwagwa kwenye udongo safi, kwa kuwa kitambaa kimegusa kikombe. Wifi alikuwa anayamwaga shinani kwa mlimau. Mume wangu alisema ndiyo sababu malimau yetu yana ukali wa mahubiri, lakini hata siku moja hakukanyaga pale maji yalipomwagwa.

Kisha tukaletewa mchungaji mpya.

Niseme mapema kwamba si mtu mbaya. Ni kijana wa miaka thelathini na kitu, ana adabu, anatangulia kusalimia, na mgonjwa akilazwa atakwenda kumwona hata kwa miguu. Ila alikuta madaftari ya kanisa yana vumbi, na vumbi lilimnyima usingizi. Akatangaza kuwa kila mshiriki atapewa kadi mpya, na kadi haitolewi mpaka jina la mtu lionekane kwenye kitabu cha ubatizo. Bila kadi hakuna kukaribia meza ya Bwana.

Tukapanga foleni ofisini kwake baada ya ibada. Langu lilionekana upesi. Wifi alikuwa nyuma yangu. Mchungaji akapekua kitabu, akarudi nyuma kurasa mbili, akapekua tena.

"Mama, mwaka huo nimemwona kaka yako. Wewe sikuoni."

"Tulibatizwa pamoja, Mchungaji. Tulikuwa na miaka saba."

Akatugeuzia kitabu. Wino ulikuwa umegeuka rangi ya chai. Mstari ulikuwa mmoja: jina la mume wangu, jina la baba yao, tarehe, na mwishoni, kwa mwandiko ule ule wa kubanabana, maneno matatu. Na pacha wake.

"Si huyo hapo ndiye mimi," wifi akasema.

"Huenda ni wewe. Lakini hili si jina, mama."

"Kwani kaka yangu ana mapacha wangapi?"

Watu wa nyuma wakacheka. Mchungaji naye alitabasamu, lakini kadi akairudisha kwenye boksi. Akauliza kuhusu kipaimara. Tukamweleza kuwa kitabu cha kipaimara cha miaka ile kililiwa na mchwa, kuanzia jalada hadi jalada. Akasema pole sana, na kwamba hata kingekuwepo kisingesaidia, maana nyumba haianzi na paa. Mpaka jambo lieleweke, mama apumzike kidogo kuja mezani, na vitambaa wavishike wengine.

"Ni kwa muda tu, mama."

Muda tu huo sasa una miezi saba.

Tulirudi nyumbani. Nilimwona wifi akienda kuondoa beseni lake jeupe, lile asilofulia kitu kingine chochote, akalifunika juu ya kabati kama mtu anayefunika chakula cha mgeni aliyechelewa.

Kuna njia moja, Mchungaji alituambia baadaye. Mwongozo wa kanisa unaruhusu shahidi. Apatikane Mkristo aliyekuwepo siku ile, akaona kwa macho yake, aje ajaze fomu. Basi tukaanza kuhesabu. Baba yao ameshafariki, na mama yao pia. Mwinjilisti aliyewabatiza alifariki kabla sijaolewa. Mama wa ubatizo alifariki mwaka wa mafuriko. Aliyebaki hai alikuwa mmoja tu, naye wakati huo alikuwa jikoni kwangu, kichwa chini ya sinki, akiuliza ni nani aliyemwaga mafuta kwenye bomba.

Wifi alimsubiri atoke, anawe, akae. Akamweleza.

"Hilo dogo," mume wangu akasema. "Nitakwenda. Nitasema tulimwagiwa maji."

"Sema tulibatizwa."

"Hapo ndipo siwezi, Pacha." Huwa wanaitana hivyo, Pacha, tangu utoto. "Nikisema ule ulikuwa ubatizo, mimi kwenye tangi nilikwenda kufanya nini?"

"Ulikwenda kuangalia kama linavuja."

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

"Sikilizeni. Kikombe kile hakikutosha hata kulowesha kola ya shati. Mimi kazi yangu ni maji, nakijua kipimo. Mtu anazama, anaibuka. Huo ndio ubatizo. Kunyunyizia ni kwa ajili ya mchicha."

"Baba watoto," nikamwambia, "mwenzako anatafuta mlango, wewe unampimia dirisha."

"Simkatalii dada yangu. Nakataa uongo."

Wifi alikuwa anakunja kitambaa cha kukaushia vyombo, anakunja, anakunjua. Akasema, "Sikuombi unipimie maji. Nakuomba useme nilikuwepo."

Basi Alhamisi tukaenda ofisini watatu. Mume wangu alitoka kazini moja kwa moja, suruali ina simenti magotini, mfuko wa spana begani. Mchungaji akatuwekea viti, akatoa fomu, akachomoa kalamu.

"Kaka, unasali wapi?"

Mume wangu akamtajia. Kalamu ikasimama.

"Samahani. Mwongozo unataka shahidi awe Mkristo mshiriki."

"Mimi si Mkristo?"

"Sikusema hivyo, kaka. Nasema si Mkristo kwa maana ya fomu."

Nilimwangalia mume wangu shingoni, nikaona mshipa. Nikamkanyaga mguu, lakini alikuwa na buti.

"Na mimi, Mchungaji, nisikufiche. Kwa ninavyosoma Neno, wewe mwenyewe bado hujabatizwa."

Mchungaji akaiweka kalamu mezani. Akasema, "Basi tuko sawa."

"Hatuko sawa. Wewe ndiye mwenye kitabu."

Nilitamani sakafu inimeze. Wanaume wawili wanaosoma Biblia ile ile kila asubuhi, kila mmoja anamtoa mwenzake nje, na katikati yao amekaa mwanamke mikono magotini, hajui aangalie wapi. Nilikuwa na hasira, nami si mtu wa hasira. Nikataka kuwauliza, Bwana akija leo na kusema anataka kuonana na Wakristo, mtamwelekeza kwa nani?

Wifi ndiye aliyesema. "Pacha, mwambie tu ilivyokuwa."

Mume wangu akashusha mfuko chini. Akaanza kueleza akiangalia meza. Siku chache kabla ya ubatizo alimdanganya dada yake kwamba yale maji huchemshwa, ili dhambi itoke vizuri. Dada mtu akaamini. Siku yenyewe ikafika, wamevaa nguo nyeupe zilizoshonwa kwa kitambaa kimoja, na yeye akiitwa wa kwanza, dada akamng'ang'ania mkono. Mwinjilisti akajaribu kuwaachanisha vidole. Akashindwa. Mama yao akajaribu, akashindwa. Mtoto analia kanisa zima linasikia. Mwinjilisti akachoka, akasema, basi njooni hivyo hivyo. Akawainamisha vichwa pamoja, akawamwagia kwa jagi moja, mikono haijaachana.

"Mimi maji yalinipata kwanza. Nikamwambia, ni ya baridi. Ndipo akanyamaza." Akajikuna goti lenye simenti. "Ndiyo maana akaandika mstari mmoja. Aliona tulikuwa kitu kimoja."

Kilikuwa kisa ambacho sikuwahi kukisikia, na nimeolewa miaka thelathini. Mchungaji alivua miwani akaifuta. Nikasema moyoni, imekwisha, ametuelewa.

"Ni ushuhuda mzuri sana," akasema. "Laiti ungekuwa mshiriki." Halafu akavaa miwani. "Lakini sikiliza, kaka, nitajaribu kukutetea kwa wazee. Nijibu swali moja nilijaze hapa. Dada yako alibatizwa?"

"Alimwagiwa maji kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

"Alibatizwa? Visanduku ni viwili tu. Ndiyo, na hapana."

Mume wangu alimwangalia dada yake, akaangalia kile kikaratasi.

"Mchungaji, dhamiri yangu hainiruhusu."

Wifi akasimama, akamshukuru Mchungaji kwa muda wake, akatoka. Njia nzima alitembea hatua tatu mbele yetu. Mapacha hao walikaa wiki tano wakisalimiana kupitia kwangu. "Mwambie mumeo bomba la nyuma linadondosha." "Mwambie wifi yako nitalitazama." Walikuwa wamesimama mita mbili kutoka mmoja hadi mwingine, na mimi katikati kama simu ya zamani.

Mchungaji alitafuta njia nyingine, hilo namkubalia. Alikuja na ubatizo wa tahadhari. Mtu anabatizwa upya, ila mchungaji anatanguliza neno: kama hukubatizwa, nakubatiza. Dakika tano, faragha, wazee wawili tu, kadi inatoka siku hiyo hiyo. Nilimsihi wifi akubali. Nilimwambia maji hayana gharama, na Mungu anajua.

Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso.

"Nikilikubali hilo 'kama', wifi, miaka yote hii nilikuwa nakula meza ya nani? Nilikuwa mwizi?"

"Hakuna aliyesema mwizi."

"Mume wangu nilimuuguza nikiwa Mkristo. Nilimfumba macho nikiwa Mkristo. Kila shuka la maiti ninalolifua nalisemea neno, wifi, hata wewe sijawahi kukwambia. Siwezi kurudi nyuma nikaviwekea 'kama' vyote hivyo." Akatupa kijiwe. "Kwa wale wa mumeo naambiwa maji yalikuwa kidogo. Kwa hawa wetu naambiwa hayaonekani. Mimi ndiye niliyelowa."

Sikumsihi tena.

Sasa, vitambaa. Vilichukuliwa na wawili: Mwenyekiti wa umoja wa akina mama, na dada mmoja wa kwaya tunayemwita Sauti ya Kwanza, kwa sababu hata akiomba chumvi anaimba. Wanawake wazuri, wana mioyo, lakini kufua hawajui. Mara ya kwanza walichemsha. Mvinyo ukichemshwa unahamia moja kwa moja, haurudi kwao. Jumapili iliyofuata katikati ya meza palikuwa na doa la rangi ya udongo, na Mchungaji aliliwekea kinara juu yake. Kinara kikakaa upande upande kama jino bovu.

Jumatatu wale wawili wakaingia kwa geti la nyuma, mfuko wa plastiki kwapani.

"Mama Dobi," Mwenyekiti akanong'ona, "tusaidie. Mchungaji asijue."

Wifi akateremsha beseni. Alilishughulikia doa lile siku tatu, kwa limau na chumvi na jua, mpaka likawa la kufikirika tu. Wiki iliyofuata wakarudi, na iliyofuata. Ikawa desturi. Jumapili vitambaa viko mezani vyeupe vimenyooka, watu wanawasifu wale wawili, na aliyevifua amekaa benchi la mwisho kwa kuwa haijulikani kama ni Mkristo. Mimi niliona uchungu. Nilimwambia wifi waachie madoa yao. Akasema, "Kitambaa hakijakosa."

Siri ya akina mama haikai, haina kifuniko. Ilimfikia Mchungaji, naye akaipeleka kwa wazee wa kanisa. Wakakaa jioni mbili. Uamuzi akauleta yeye mwenyewe, kwa barua yenye muhuri, na uso wa mtu anayeleta habari njema. Mimi nilikuwapo, nimekwenda kuazima pasi. Wifi alikuwa anainyoosha sare yake ya kazi.

Mchungaji akasoma. Kwamba wazee wametambua huduma ya mama huyu ya miaka mingi. Kwamba kwa kuwa kufua ni huduma ya mikono, aendelee na vitambaa kama zamani, hadharani. Na kwamba suala la meza ya Bwana limeandikiwa makao makuu, na lisubiri jibu.

Wifi aliisimamisha pasi wima. Akaenda kwenye msumari wa ukutani, akatungua ufunguo mdogo wa kabati la vitambaa, mwenzake wa ule wa ofisini, uliokuwa umening'inia pale miaka ishirini na miwili, umeacha umbo lake kwenye rangi ya ukuta. Akauweka juu ya barua.

"Mchungaji, mnaazima mikono bila mwenyewe?"

"Mama, ni hatua. Ni mwanzo."

"Mikono yangu na mimi tulibatizwa siku moja," wifi akasema, kwa sauti ile ile ya kuulizia sabuni. "Tukisubiri, tutasubiri wote."

Mchungaji akaaga. Getini alisimama akanigeukia, akaniambia, "Mama, mimi nafuata tu mwongozo." Nilimwona ni mtoto. Nikamwambia, "Najua, mwanangu." Na kweli nilijua, na ndiyo maana nilichoka. Mtu mbaya ungemlaani, ukamaliza.

Wale wawili walikuja Jumatatu kama kawaida, safari hii kwa geti la mbele, wamechangamka, wamesikia kuna ruhusa. Wifi akawatolea beseni. Akawatolea na vigoda viwili. Yeye akaketi kwenye cha tatu, akaiweka mikono mapajani, kiganja juu ya kiganja.

"Maji ya baridi kwanza," akasema.

"Wewe hufui?" Sauti ya Kwanza akauliza.

"Nafundisha. Baridi kwanza, bila sabuni. Msisugue, bonyezeni tu. Mwenyekiti, hilo si godoro."

Saa nzima aliwaelekeza. Walipokosea, niliona vidole vyake vikiinuka mapajani, halafu vinarudi, vinashikana. Kumzuia dobi asishike kitambaa kinachofuliwa vibaya mbele yake ni kumzuia mama asimpanguse mwanawe kamasi. Walipomaliza maji ya kwanza Mwenyekiti akainua beseni kuelekea mferejini. Wifi akasema, "Mlimau," basi, neno moja, na yule akageuka.

Mume wangu alikuwa pale bombani muda wote huo, anabadilisha mpira usiohitaji kubadilishwa. Alikuwa anaiangalia ile mikono. Usiku wa kuamkia Jumapili ndipo aliponiuliza ibada yetu huanza saa ngapi. Nikamwambia. Akauliza kama watu huvaa viatu vya aina gani. Nikamwambia vyovyote, ila si buti.

Jumapili ile ilikuwa ya meza ya Bwana. Wifi alitangulia peke yake, kama alivyokuwa anafanya, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango, upande wa wageni na wenye watoto wanaolia. Sisi tukaingia wimbo wa kwanza ukiwa katikati. Watu waligeuka. Mume wangu hakuwa amekanyaga mle miaka kumi na tisa. Akapita mabenchi yote bila kutazama kulia wala kushoto, akaenda kukaa pale nyuma, ubavuni kwa dada yake. Nikawafuata.

Wifi hakumwangalia. "Umepotea," akamwambia.

"Jana nilisali kwetu. Leo nimekuja kukaa tu."

Mahubiri yakapita. Meza ikafunuliwa. Mchungaji aliinua macho, akatuona watatu nyuma, akapoteza mstari, akautafuta kwa kidole, akaendelea. Watu wakaanza kwenda mbele, benchi baada ya benchi, kadi mifukoni. Zamu yetu ilipofika nilikwenda. Nakiri nilikwenda, nina kadi, na nina njaa ya ile meza kama mtu mwingine yeyote. Lakini safari ya kurudi kwenye lile benchi la mwisho ilikuwa ndefu.

Nilipofika niliwakuta wameshikana mikono. Sijui nani alianza. Vidole vya simenti na vidole vya sabuni, vimeshikana juu ya benchi kama vya watoto wanaovuka barabara. Wifi alikuwa anaangalia mbele, kule kwenye kitambaa.

"Pembe wamezinyoosha vibaya," akanong'ona. "Tazama ile ya kushoto."

Mume wangu akanyoosha shingo. "Mimi naona sawa."

"Wewe umezoea mabomba."

Mume wangu akamsogelea sikioni. Nilisikia kwa kuwa nilikuwa karibu. Alimwambia, "Yalikuwa ya baridi, Pacha. Nakumbuka. Yalitupata wote wawili."

Wifi alimwangalia Mchungaji akikifuta kikombe, akakifunika, akatuombea baraka sote tuliomo humo ndani, bila kuuliza kadi. Tulisimama pamoja na wengine, tukasema amina. Mume wangu naye akasema, kwa sauti ya chini, nadhani ilimponyoka.

Mlangoni Mchungaji alitushika mkono, akamwambia wifi makao makuu bado hawajajibu. Wifi akasema sawa, Mchungaji. Mpaka naandika haya hawajajibu. Kila Jumapili ya meza wale mapacha wanakaa benchi la mwisho, mmoja haruhusiwi na mwingine haafiki, na mkono hauachani mpaka kikombe kifunikwe.